Barua ya wazi kwa kamati ya mkutano wa wanafiziolojia: fundi wa maabara akae wapi?

Kwa Mwenyekiti, Katibu na wajumbe wote wa kamati ya maandalizi ya mkutano wa mwaka wa chama cha wanafiziolojia wa kanda yetu.

Shikamooni wakubwa zangu, na kwa mlio rika langu, habari za kazi. Mtakaofika Mwanza kwa mara ya kwanza, hapa asubuhi tunasema "mwangaluka", na ukishaanza salamu na Msukuma usiangalie saa.

Nimefurahi mno kusikia kwamba safari hii mkutano unaletwa kwetu. Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya fiziolojia, elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi, kazi niliyoifanya miaka ishirini na mbili, na tangazo lenu nimelisoma mara tatu. Ukumbi uko Capri Point, ziwa linaonekana kutoka dirishani. Chai saa nne. Picha ya pamoja kwenye mawe. Siku ya mwisho boti ya kwenda kisiwa cha Saanane. Halafu nikashuka kwenye jedwali la ada, na hapo ndipo nilipovua miwani nikaifuta. Kuna ada ya mwanachama, ya asiye mwanachama, ya mwanafunzi, na ya mwenza wa mshiriki. Mke wa profesa ana mstari wake na kiti chake kwenye boti, na anastahili, sina ugomvi naye. Fundi wa maabara hana mstari.

Najua barua ndefu husomwa mwanzo na mwisho tu, kwa hiyo ombi naliweka hapahapa. Katika siku zenu tatu, naomba alasiri moja iwe ya mafundi wa maabara. Wao ndio wasimame mbele, waonyeshe kazi kwa vifaa vyao, kwa Kiswahili, na nyinyi mkae mnauliza. Sisemi ziara ya kupita maabara mkipigana picha na hadubini. Nasema kipindi kilichomo kwenye ratiba, chenye mwenyekiti na muda wa maswali, na majina ya watoa mada yakiwa kwenye kitabu cha ikisiri kama ya watu wengine.

Sasa nieleze kwa nini.

Wengi wenu mnafundisha zoezi la utumbo. Mwanafunzi anaingia anakuta kipande cha utumbo wa mbuzi, urefu wa sentimita tatu hivi, kimening'inizwa kwa uzi ndani ya bomba la kioo lenye maji vuguvugu, kinajikunja na kujikunjua chenyewe bila kuambiwa na mtu. Unadondosha asetilikolini, kinajikaza. Unasuuza, unadondosha adrenalini, kinalegea. Wanafunzi wanatoa macho, mhadhiri anaeleza, saa sita watu wanaenda kula.

Kipande kile kilianza safari saa kumi na moja alfajiri. Saa hiyo fundi yuko machinjioni na chupa ya chai ambayo haijawahi kuonja chai. Ndani yake kuna solusheni ya Tyrode, maji ya chumvi yanayofanana na majimaji ya mwili, iliyolala kwenye friji. Lazima awe ameshajuana na mchinjaji, maana utumbo uliokaa sakafuni robo saa ni mboga, haufai tena kwa somo. Anaomba ule wa juu, unaoanzia karibu na tumbo, na anaomba usiminywe. Anausafisha kwa kusukuma solusheni ndani yake kwa bomba la sindano, polepole, bila kuusugua. Anapanda bodaboda na chupa mapajani, na dereva akiuliza "Mzee, umebeba nini?" anajibu "Supu." Ni rahisi hivyo.

Akifika, kazi ndiyo inaanza. Maji ya nje yafike nyuzi 37 na yabaki hapo. Mtungi wa oksijeni yenye asilimia 5 ya kaboni dioksidi ukiwa umeisha, na mara nyingi umeisha, tunapuliza hewa kwa pampu ndogo ya tangi la samaki wa mapambo. Kwa uzoefu wangu utumbo unakuvumilia saa moja na nusu, basi. Na solusheni yenyewe ina adabu yake: kloridi ya kalsiamu iingie mwisho, chumvi nyingine zote zikishayeyuka na maji yakiwa yamekaribia kujaa. Ukiiwahisha inakutana na bikaboneti, na chombo kizima kinakuwa kama maji ya kuoshea mchele. Kitabu cha mazoezi nilichoachiwa nilipoanza kazi hakikuandika hilo. Niliambiwa na mzee aliyenitangulia, naye aliambiwa.

Hiyo kalsiamu inanikumbusha jambo ambalo nyinyi mnalijua kuliko mimi, ila pengine hamkuwahi kulitazama kutoka upande wa sinki. London, mwanzoni mwa miaka ya 1880, Sydney Ringer alikuwa anachunguza moyo wa chura. Aliuweka kwenye maji ya chumvi, ukaendelea kudunda vizuri, akachapisha. Baadaye akagundua kwamba solusheni yake haikutengenezwa kwa maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kurudishwa maji ili madini yabaki nyuma. Fundi alikuwa amekinga bombani. Maji ya bomba ya London yalikuwa na kalsiamu. Ringer aliporudia kwa maji yaliyokenekwa, moyo ukadhoofika ukasimama. Mwaka 1883 akaandika upya, kwa uungwana, akaitaja hata kampuni iliyosambaza maji yale. Jina la kampuni ya maji limo kwenye makala. La fundi halimo.

Mtasema fundi yule alikosea. Ni kweli, alikosea, na kwangu angenisikia. Lakini tazameni alichokuwa nacho mkononi. Kila mnapomtundikia mgonjwa dripu yenye jina la Ringer, kosa la yule bwana limo kwenye ile chupa.

Twende kwenye mambo ya hapa. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wa uzamili alikuwa anapima oksijeni wanayotumia vijana wanaobeba magunia ya dagaa Mwaloni, pale Kirumba. Kazi nzuri sana, na ngumu. Kijana anapumulia kwenye mfuko mkubwa huku amebeba gunia, makorongo wamesimama pembeni kama wajumbe wa bodi, na wenye mitumbwi wanacheka mpaka wanakaa chini. Tulijaza mifuko, tukaileta maabara, tukapima ujazo na gesi. Yule binti akaingiza namba kwenye kompyuta. Majibu yakatoka, na msimamizi wake akafurahi, kwa sababu vijana wa Mwaloni walionekana na uwezo wa mapafu na moyo unaokaribia wa wakimbiaji wa mashindano ya dunia.

Mimi nilikuwa naosha mifuko. Karatasi ilikuwa mezani, nikaitupia jicho, nikaona kwenye mstari wa pili: presha ya hewa, 760.

"Binti, hii 760 umeitoa wapi?"

"Iko kwenye fomula, mzee."

"Aliyeandika fomula alikuwa amekaa usawa wa bahari."

Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari. Barometa niliyoitundika ukutani mwenyewe inacheza karibu na milimita 665 za zebaki, na haijawahi hata siku moja kuikaribia 760. Mita 1,134 zinaonekana ndogo kwa sababu mbele yetu kuna maji na mitumbwi, mtu anajihisi yuko pwani. Lakini ukikokotoa matumizi ya oksijeni kwa 760 ukiwa Mwanza, unamzidishia mtu kwa zaidi ya asilimia 10. Tulirudia hesabu zote, siku mbili. Vijana wa Mwaloni wakabaki kuwa vijana wenye nguvu, si malaika. Kazi ile ilisomwa kwenye mkutano wenu mwaka uliofuata, ikiwa na namba sahihi, na mlipiga makofi. Binti aliniletea sato wawili wakubwa. Nilishukuru, tukala.

Sijaisimulia hiyo ili mnipe cheti. Nauliza tu: Nairobi wako juu kuliko sisi, Addis Ababa wanapita mita 2,300, Arusha hawako chini. Ni kazi ngapi zimepita kwenye mikutano yenu zikiwa na 760 kwenye mstari wa pili, kwa sababu siku hiyo hakukuwa na mtu anayeosha mifuko karibu? Ukumbini watu hujadili mchoro wa mwisho. Mstari wa pili haupandi jukwaani. Nusu saa ya fundi mmoja mwenye barometa ingeokoa makala nyingi kuliko hotuba ya mgeni rasmi, na namheshimu mgeni rasmi.

Kuhusu lugha. Maarifa haya yote ninayoyataja yako kwa Kiswahili tayari. Hakuna atakayehitaji kuyatafsiri. Ninapomfundisha kijana mpya kufunga uzi kwenye utumbo ninamwambia "kaza, usikabe". Solusheni ya jana ninaiita "iliyolala". Damu iliyovutwa kwa pupa kupitia sindano nyembamba tunasema "imepasuka", na plazma yake nyekundu inatuaibisha. Mhadhiri mwenyewe akiwa na shida haji kuniuliza kwa Kiingereza. Anakuja ameshika kikombe anasema, "Mzee, ile mashine imegoma." Umoja wa Afrika ulikikubali Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022, sisi kwenye maabara hatukusubiri.

Mwaka fulani, katika mji mwingine ambao siutaji, nilipelekwa kwenye mkutano kama huu kwa sababu moja tu: mashine ya kuchora umeme wa moyo ilikuwa ghali na mwenyewe aliogopa kuikabidhi kwa watu wa mizigo wa basi. Niliipakata usiku kucha. Asubuhi ukumbini mashine ikachora mstari mnene kama kamba ya kufungia ng'ombe. Msemaji akajaribu hiki na kile, akageuza mgonjwa wake wa kujitolea kushoto na kulia. Ulikuwa ni umeme wa ukutani unaingia kwenye waya, mizunguko 50 kwa sekunde, kwa sababu soketi ile haikuwa na erthi. Nikaingia chini ya meza, nikauhamisha waya mbali na taa, nikachukua erthi kwenye bomba la maji lililokuwa nyuma ya pazia. Mstari ukanyooka. Watu wakashangilia, nikatoka chini ya meza na vumbi magotini.

Mchana nikaenda kwenye chakula. Kijana wa mlangoni aliangalia beji yangu, imeandikwa "Msaidizi", akasema kwa heshima kabisa, "Mzee, chakula cha wasaidizi ni kule nje, na madereva." Nilikula chipsi mayai na madereva. Tena kwa mazungumzo walikuwa bora, nilijifunza mengi kuhusu betri. Lakini ndani ya ukumbi, mezani, watu walikuwa wanaulizana ule mstari ulinyookaje, na aliyekuwa na jibu alikuwa nje anaomba kachumbari.

Historia ya kanda hii imejaa mikono ya namna hiyo. Anthony Allison alipoanza kupima damu Afrika Mashariki mwaka 1949, aliona selimundu, ile hali ya kurithi inayozipinda chembe nyekundu za damu kama mundu, ni nyingi pwani na kandokando ya ziwa, na ni chache mno milimani, na mwaka 1954 akachapisha sababu: anayerithi jeni moja ya selimundu, kutoka kwa mzazi mmoja tu, ana kinga fulani dhidi ya malaria. Kisha ikaja ile hesabu ya Musoma, iliyochapishwa mwaka 1956. Watoto wachanga 287, tisa wana ugonjwa. Watu wazima 654, watano tu. Waliorithi jeni moja walikuwa 89 kati ya watoto, na 249 kati ya watu wazima. Jedwali lile dogo limefundishia uchaguzi asilia, yaani jinsi mazingira yanavyowabakiza wenye sifa fulani, duniani kote, kwenye vitabu ambavyo bei yake ni mshahara wangu. Sasa fikirini kazi yenyewe: watu 941, kila mmoja anatobolewa, kila mama anaelezwa kwa lugha anayoielewa kwa nini kichanga chake kinachomwa. Nani alieleza? Nani alibeba vifaa kutoka kijiji hadi kijiji?

Nauliza kwa sababu kazi hiyo ninaijua. Kwetu tunatumia metabisulfaiti ya sodiamu: tone la damu, tone la dawa, kifuniko, unaziba kingo kwa vaselini hewa isiingie, unasubiri. Dawa hiyo itengenezwe siku hiyohiyo. Ikilala inadanganya, chembe zinabaki duara, na mtoto mwenye selimundu anaandikiwa kuwa hana. Hilo nalo liko mikononi mwa fundi, na mnajua ni wagonjwa gani wanaopanda kilima cha hospitali ya Bugando kila wiki.

Na kamongo je? Homer Smith, Mmarekani yule wa figo, alikuja ziwani kwetu mwishoni mwa miaka ya 1920, upande wa Kisumu, kumtafuta samaki mwenye mapafu, anayejizika kwenye tope kavu na kuacha kutoa amonia, akaikusanya taka yake mwilini kama urea hadi mvua irudi. Sidhani kama Smith alimvua kamongo mwenyewe. Mvuvi anajua kamongo anapumulia wapi. Hata leo nendeni Mwaloni muulize habari za mabondo: mtu ambaye hajakanyaga darasa la biolojia atakuonyesha kibofu cha hewa cha sangara, atakutajia jinsia ya samaki aliyekitoa na bei yake kwa gramu, wakati wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza bado wanakichanganya na kibofu cha mkojo.

Nimeshasikia majibu mawili, maana niliwahi kulisema hili kwa mdomo kabla ya kuliandika. La kwanza, kwamba kuna wageni kutoka nchi zisizozungumza Kiswahili. Sawa. Wanafunzi wenu wa uzamivu wakae karibu nao wawanong'oneze. Sisi tumenong'onezwa Kiingereza miaka yote na hatukufa. Isitoshe, mkono unaofunga uzi unaeleweka na kila mtu. La pili, kwamba hadhi ya mkutano itashuka. Hilo sina jibu lake. Waliolisema nawafahamu, na wote wamewahi kunipigia simu saa tatu usiku.

Mengine ni madogo. Ongezeni mstari wa fundi kwenye jedwali la ada, na kiwango chake kilingane na cha mwanafunzi, maana ada ya asiye mwanachama ni zaidi ya nusu ya mshahara wangu. Beji ziwe za aina moja. Na tafadhali tuandikieni barua za mwaliko zenye majina yetu, ziende kwa waajiri mapema. Bila barua hakuna ruhusa, bila ruhusa hakuna posho, na fundi wa Bukoba au Musoma hawezi kulala Mwanza kwa fedha ya mfukoni. Alasiri yenyewe isifanyike hotelini. Soketi za hoteli nimeshazieleza.

Maabara yetu ina viti arobaini, na vingine tunaweza kuazima jengo la jirani. Umeme ukikatika tuna jenereta, nami ndiye ninayeliwasha.

Siku ya pili ya mkutano wenu ni Alhamisi, na Alhamisi ndiyo siku ya zoezi la utumbo kwa mwaka wa kwanza. Mjumbe yeyote wa kamati atakayependa kuliona tangu mwanzo, nitakuwa machinjioni saa kumi na moja alfajiri kama kawaida. Aje na viatu vya kufunika vidole. Chupa ya pili ninayo.

Wenu katika kazi,
Fundi sanifu maabara,
Mwanza